Aliyeushika Ukuta wa Adolf

Jumamosi waliyoanza kujenga bwawa la Adolf jua lilitoka mapema, na watu walikuja wengi kuliko pombe. Mwaka ulikuwa 1969. Kwetu Umatengo mwenye kazi kubwa hupika pombe akaita ngokela. Majirani huja na majembe yao, na jioni kila mmoja hurudi kwake akiimba. Aliyepika pombe ya siku hiyo ni Albina, dada yake Adolf. Tangu alfajiri alikuwa akicheka na kila mtu, maana mdogo wake alikuwa anafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika bonde lile: kuzuia kijito kwa ukuta wa udongo, apate maji yake mwenyewe ya kitalu cha kahawa.

Adolf alikuwa mdogo wake kwa kuzaliwa na mwanawe kwa kulelewa. Mama yao alikufa Adolf akiwa bado anatambaa. Albina alimbeba mgongoni, akamlisha uji, akamsomesha misheni kwa kulima mashamba ya watu. Alipoolewa alikwenda naye. Alipofiwa na mumewe alirudi naye, pamoja na binti yake Ida, ambaye baadaye aliolewa Mbaha, kule chini ziwani.

Ukuta waliujenga kama wanavyolima. Shamba letu la mlimani ni ngolo: unafyeka nyasi, unazilaza kwa mistari ya kukatana, unazifukia kwa udongo, na mvua ije itakavyo, kilima hakiendi popote. Basi na bwawa wakalifanyia hivyo hivyo. Tabaka la nyasi, tabaka la udongo, kinamama wakakanyaga kwa miguu mitupu, Albina akiwa mbele yao. Nani angewaambia vinginevyo, nao babu zao walishika milima mizima kwa nyasi?

Nyumba ya Albina ilikuwa chini ya ukuta huo, mwendo wa kuita mtu akasikia. Mwaka 1972 ikaja amri ya kuishi pamoja, na familia arobaini zikahamishiwa bondeni kuanzisha kijiji cha ujamaa. Zikapimiwa viwanja pembeni mwa Albina. Yeye alifurahi kupata majirani.

Masika ya mwaka uliofuata ukuta ukaanza kutoka jasho. Akaja Bwana Maji, afisa wa wilaya, mtu wa Tanga aitwaye Shekalage, Mwislamu mpole aliyekuwa akilalamikia baridi ya Mbinga hata akiwa juani. Aliizungukia ile sehemu yenye unyevu, akachomeka fimbo yake. Ikazama hadi kwenye mpini.

"Mmeweka nini humu ndani?"

"Nyasi, bwana," Albina akamjibu kwa fahari. "Nimezilaza mwenyewe."

Bwana Maji alichomoa fimbo. "Mama, kwenye shamba nyasi zikioza ni mbolea. Kwenye ukuta zikioza ni matundu. Maji hayaombi mlango, yakipata tundu yanatosheka." Akamgeukia Adolf. "Tena hujaacha njia ya kutolea maji yanayozidi. Lipunguze bwawa taratibu, ubomoe ukuta, ujenge upya kwa udongo mtupu. Chini hapa kuna watoto."

Adolf akaitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana, hadi Land Rover ikapotea mlimani. Lakini miche yake elfu sita ilikuwa inangoja maji ya kiangazi, na sikio la kufa halisikii dawa. Asubuhi ya pili alishuka Lipingo, kando ya ziwa, kwa mtu ambaye wenyeji hawapendi kumtaja. Alikaa siku nne. Aliporudi alimletea dada yake samaki wakavu, akala naye, akamsindikiza hadi kisimani akitembea nyuma yake.

Wiki ile ile ukuta ukakauka. Watu wakasema Bwana Maji ana woga wa watu wa pwani.

Jumapili Albina alipanda kwenda misa Kigonsera. Alipofika juu ya mwinuko, pale bonde linapoishia, miguu ikamkataa. Haikuuma. Ilikataa tu. Wanaume wawili wakamrudisha, na walipofika nusu ya mteremko akasimama mwenyewe, akawashukuru, akaenda kupika. Jumapili iliyofuata ikawa vile vile, pale pale. Nyayo zake nazo zikawa mbichi wakati wote. Alizifuta kwa kanga, zikaloa tena. Hospitali ya misheni ilimtuma mganga wake bondeni, akampima, asione kitu.

Ida alipopata habari alituma ujumbe mama aletwe Mbaha. Wakamlaza kwenye machela, wanaume wanne wakambeba mchana kweupe. Walipovuka mwinuko Albina alihisi mikono ikimshika vifundoni. Ikavuta. Akatazama. Hapakuwa na mtu miguuni pake.

Ndipo wakamsikia Adolf. Alikuwa anakimbia nyuma yao, shati limechanika, matope hadi kifuani.

"Mrudisheni. Nawaomba, mrudisheni dada yangu."

Alilia mbele za watu, mwanamume mzima. Kinamama wakatikisa vichwa, wakasema upendo wa namna ile haupo siku hizi. Hata Albina aliamini. Alimhurumia, akawaambia wabebaji wageuke.

Nyumbani Adolf alifunga mlango, akapiga magoti kumfuta miguu. Kwenye vidole vyake palikuwa na udongo mweupe, ule wa tumboni mwa ukuta.

"Ukuta ulipasuka nilipovuka," Albina akasema polepole. "Ndiyo?"

Adolf aliendelea kufuta.

"Adolf. Umefanya nini?"

"Ulihitaji mtu wa kuushika," akanong'ona. "Mtu aliyeukanyaga siku ya kwanza, na wa damu yangu. Nilichota udongo wa unyayo wako. Siku ile ya kisimani. Uko kwenye chungu, chini ya ukuta."

"Mbona mimi?"

"Wewe ni mama yangu, dada. Niliona wewe hutanikatalia."

Albina alimtazama kisogoni, mahali alipokuwa akimwogesha zamani. Hakupiga kelele. Alihisi chuki, na aliona haya kuihisi, kisha akaacha kuona haya.

"Ondoka nyumbani kwangu."

"Nitaondoka. Lakini wewe usiondoke," alisema Adolf akiwa mlangoni. "Ukivuka tena, kijiji kizima kinakwenda na maji."

Hivyo ndivyo alivyofungwa, bila kamba wala kufuli. Watoto wa familia arobaini walipita uani kwake kila siku wakienda shule, wakimwamkia shikamoo bibi, naye aliwahesabu. Mvua ikinyesha mlimani mwili wake ulikuwa mzito. Visigino vikapasuka, na mipasuko ilitoa maji masafi ya baridi. Ida alituma watu mara mbili, mama akawarudisha bila kuwapa sababu.

Mwishowe akamwita katekista Ildefonsi, akamwandikisha barua kwa Bwana Maji. Hakutaja chungu. Serikali haisomi habari za vyungu. Alisema tu kwamba nyasi zinaoza, na Adolf hakubomoa kitu.

Bwana Shekalage alikuja na amri yenye mhuri. Familia zote zikapandishwa kwenye mwinuko, zikalala madarasani. Vijana wakachimba mfereji pembeni, bwawa likaanza kushushwa kidogo kidogo, kwa siku saba. Albina peke yake alibaki nyumbani kwake, ukuta usije ukapasuka vijana wakiwa wanachimba. Bwana Maji alimsihi, kisha akamwamuru. Alimjibu, "Maji yakiisha nitatoka, mwanangu," na mzee Placidi, balozi wa nyumba kumi, akamvuta afisa mkono, akamwambia amwache.

Kila maji yaliposhuka, miguu yake ilipata wepesi. Siku ya sita visigino vikakauka.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, maji yalikuwa yamebaki ya kufika magotini. Adolf aliteremka upande wa ndani na jembe. Bwana Maji alimwita arudi. Ukuta uliokaa na maji miaka minne, ukinyang'anywa maji, huporomoka kwa ndani. Adolf hakugeuka. Alikuwa anatafuta kitu ambacho hakutaka watu wakione. Wote walioko kwenye mwinuko waliona ukuta ukiinama. Haukutoa sauti kubwa.

Walimtoa saa nane. Chungu hakikuonekana. Albina alimwosha mwenyewe, kama alivyomwosha tangu utoto, akamfumba macho. Alilia sana, na asingeweza kusema kama alimlilia mtoto aliyemlea au mtu aliyemzika yeye akiwa hai. Wakamzika Kigonsera; yeye hakwenda.

Baada ya arobaini Albina alifunga mzigo. Alivuka mwinuko kwa miguu yake. Upande wa pili akasimama, akangoja. Hakuna kilichomshika. Akatembea, akapata lori la kushuka ziwani, na jua lilipokuwa linaelekea Malawi akaingia uani kwa Ida, Mbaha, akitembea juu ya mchanga uliofagiliwa. Walikula dagaa. Albina alicheka mara mbili. Akavua viatu kando ya kitanda, akasimama kidogo pale sakafuni, akasali, akalala.

Asubuhi aliamshwa na sauti ya Ida nje.

"Mama, nani amechimba uani?"

Kutoka kwenye njia ya lori hadi kizingitini kulikuwa na mashimo madogo. Moja kushoto, moja kulia. Moja kushoto, moja kulia. Kila mahali Albina alipokanyaga jana, mchanga ulikuwa umechotwa, vizuri, kwa kiganja. Alama za vidole zilionekana.

Ida akaingia ndani kumweleza. Akaishia katikati ya neno.

Kando ya kitanda, kwenye sakafu ya udongo, palikuwa na mashimo mawili sambamba. Yalikuwa bado yana unyevu.

Albina aliyatazama kwa muda mrefu. Alijaribu kuinuka, miguu ikamkataa. Kisha akaivuta kanga juu ya magoti, akasema kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akimwambia mtoto aliyekosea:

"Adolf, mdogo wangu. Sasa ukuta gani tena?"