Tangazo la Mtu Mmoja

Ujumbe uliingia kichwa kikiwa kimesukwa nusu.

"Kikapu kimetoboka."

Maneno mawili tu, kwenye Nokia ndogo ambayo msusi alikuwa ameicheka tangu asubuhi. Kwa mtu mwingine zingekuwa habari za sokoni. Kwa Sindano, kama alivyoitwa kazini, maana yake ilikuwa kwamba maficho yamejulikana, na mtu aliyemo huenda asifike saa tisa alasiri akiwa hai.

Aliinuka.

"Dada, unakwenda wapi na kichwa hicho?" msusi aliuliza, kitana mkononi.

"Narudi. Usimpe mtu kiti changu."

Upande wa kulia, mistari sita ilikuwa imelala vizuri. Upande wa kushoto nywele zilisimama kana kwamba zimesikia habari kabla ya mwenyewe. Alijifunga kitambaa, akapapasa Glock chini ya blauzi, akatoka kwa mwendo wa mtu aliyeacha sufuria jikoni.

Redio ya gari ilikuwa imeshaanza kuongea.

"Mkalimani anatafutwa," Mkuu alisema. "Noah nyeupe, watu wawili. Inazunguka mtaa wake tangu saa tatu."

Mkalimani alikuwa mama wa miaka hamsini na ushei. Ndiye aliyeketi katikati ya wageni wawili na mfanyabiashara mmoja, akiwatafsiria neno kwa neno jinsi watakavyoingiza dawa bandia za homa ya watoto. Alimaliza kazi, akawaaga kwa adabu, akaenda moja kwa moja kwa wapelelezi. Leo alasiri angeyarudia maneno yale mbele ya hakimu. Bila yeye hakuna kesi, na makontena yanaachiwa.

"Nani kavujisha?"

"Yeye mwenyewe. Gogo alilala."

Gogo alikuwa mlinzi wake, na jina hilo hakupewa bure. Jana jioni, wakati anakoroma kwenye kochi, Mkalimani alifungua akaunti yake ya zamani kwenye simu mpya aliyokatazwa kufungulia chochote. Alikuwa akifuma kofia za watoto wachanga na kuziuza mtandaoni, na wateja kumi na mmoja walikuwa hawajajibiwa kwa wiki tatu. Wataniita tapeli, alijitetea. Akawajibu wote, mmoja mmoja, kwa heshima. Kisha likamjia tangazo, akalibonyeza.

"Tangazo la nini?" Sindano aliuliza.

"La nyuzi. Nyuzi za sufu, nusu bei."

Mguu ulikanyaga breki bila kuambiwa. Nyuma yake mtu alipiga honi na kumtukana.

Jumapili, mezani kwa mama yao, mdogo wake alikuwa akijisifu mdomo umejaa. Nyumbani walimwita Kitinda, maana ndiye wa mwisho kuzaliwa, na kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu wateja mitandaoni. "Dada, nina mteja anataka tangazo la nyuzi limfikie mtu mmoja tu! Mtandao haukubali mtu mmoja, unataka orodha ya namba elfu. Basi nikaupa elfu. Mia tisa tisini na tisa zimekufa, moja hai!" Alicheka mpaka akapaliwa. Mama akampigapiga mgongoni, akasema mwanangu ana akili huyu.

Sindano naye alicheka. Alikuwa amemsogezea chumvi.

Alimpigia.

"Dada! Uko ofisini?" Familia nzima ilijua kwamba anagonga mihuri kwenye leseni.

"Lile tangazo la nyuzi. Umefika wapi?"

"Patamu! Nilianza na mji mzima, nikaja mitaa, kila siku napunguza duara. Jana limeonekana mara moja, likabonyezwa. Sasa nimebaki na majengo kumi na sita. Nataka kulirusha tena, jengo moja moja. Mteja anaona ripoti papo hapo kwenye simu yake, na ana haraka huyo!"

"Toa mkono kwenye kompyuta."

"Kwa nini?"

"Huyo mteja anataka kumuua mwenye namba hiyo."

Sindano alisikia feni ya ofisi ya mdogo wake ikizunguka.

"Dada, usinitanie."

"Nimewahi kukutania kwa sauti hii?"

Hakuwahi.

"Aliniambia ni shangazi yake," Kitinda alisema. "Alisema wamepotezana, anataka kumshtukiza siku yake ya kuzaliwa. Dada, wewe umeyajuaje haya? Wewe ni nani?"

"Dada yako. Kaa hapo hapo. Nikisema bonyeza, bonyeza. Kabla ya hapo hata kukohoa usikohoe."

Alikata, akakanyaga mafuta kuelekea maficho ya Mkalimani.

Jengo lilikuwa na ghorofa nne, ngazi moja na lango moja. Noah ilipita langoni kila baada ya dakika nne, polepole, kama inatafuta maegesho. Msaada wa Mkuu ulikuwa umekwama nyuma ya lori lililopinduka barabara kuu. Dakika arobaini, Mkuu alisema. Sindano alijua hazipo.

Alipenya uchochoro wa nyuma, katikati ya mapipa ya taka, akampigia Gogo.

"Simu ya mama. Ishushe kupitia dirisha la jikoni, bila kuizima."

"Kwa kamba gani, afande?"

"Muulize mwenyewe."

Haikupita dakika. Kikapu kidogo kiliteremka ukutani kwa uzi mnene wa rangi ya chungwa, kikiyumbayumba. Ndani, simu ilikuwa imeviringishwa kwenye kofia ya mtoto iliyofumwa nusu, ili isigonge ukuta.

Aliichukua, akakimbia.

Kwenye kona, mita mia mbili kutoka pale, palikuwa na duka la dobi. Mashine sita za LG zilikuwa zikizunguka, na mashuka yalining'inia mpaka mlangoni. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeshadondoka njiani.

"Toka kwa mlango wa nyuma, kaka. Usiulize."

Dobi alitazama bastola, akatazama nywele. Hakuuliza.

"Kitinda," aliita kwenye Nokia.

"Nipo."

"Kona ya nyuma ya majengo kuna dobi. Umepaona kwenye ramani?"

"Nimepaona."

"Lirushe hapo tu. Bonyeza."

Akaiweka simu ya Mkalimani juu ya mashine ya mwisho. Akang'oa bomba la mashine iliyo karibu na mlango, maji ya sabuni yakamwagika sakafuni. Kisha akasubiri.

Skrini iliwaka. *Nyuzi za sufu, nusu bei, leo tu.* Picha ilikuwa nzuri kweli, hata yeye asiyejua kufuma alitamani kununua. Akaligusa.

"Limeonekana," Kitinda alisema. Alikuwa analia. "Dada, ripoti imemfikia. Toka humo."

Sindano alizima Nokia yake, akajificha nyuma ya shuka la maua.

Dakika tatu.

Noah ilisimama. Milango miwili ilifunguka. Wa kwanza aliingia na bastola yenye kizuia sauti, macho kwenye simu iliyokuwa ikicheza juu ya mashine. Alipita shuka la kwanza, la pili.

Kwenye la tatu alikutana na pasi ya dobi mkononi mwa Sindano.

Mfupa wa mkono ulilia, bastola ikadondoka. Mwenzake alikuja mbio, akalikanyaga povu, akalala chali. Alipofumbua macho aliona Glock, na nyuma yake mwanamke aliyesukwa nusu.

"Bakia hivyo hivyo," Sindano alimwambia. "Umependeza."

Alifungua redio ya mkononi. "Kikapu kimeshonwa. Wawili, wote hai. Mmoja atahitaji daktari wa mifupa."

"Safi. Na aliyerusha tangazo?"

Mashine zilizunguka. Angeweza kusema hamjui. Nani angeuliza?

"Namjua," alisema. "Nitamleta mwenyewe."

Saa kumi na nusu, Kitinda alikuwa kwenye benchi la korido ya mahakama, shati limelowa jasho, akisubiri kuitwa kutoa maelezo. Mlango wa hakimu ulifunguka, Mkalimani akatoka. Alikuwa ameongea saa moja na nusu bila kukosea neno. Makontena yalishapigwa kufuli.

"Kofia yangu hiyo!" alisema, akaipokea kutoka kwa Sindano. Akaketi kando ya kijana, akatoa sindano ya kufumia, akaendelea alipoishia.

"Una mtoto, mwanangu?"

"Sina, mama."

"Ukipata nitakufumia." Vidole vilienda, kisha vikapunguza mwendo. "Kinachoniuma ni lile tangazo la nyuzi. Wiki tatu nimefungiwa ndani, hakuna anayejua niko wapi. Nilipoliona nikasema, jamani, kumbe kuna mtu huko nje amenikumbuka."

Kitinda alitazama viatu vyake.

"Ni mimi, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyekutumia."

Mkalimani alimtazama. Kisha alikusanya nyuzi zake, akahamisha mkoba upande wa pili, akasogea mpaka mwisho wa benchi.



Sindano alitaka kumshika mdogo wake begani. Afisa akatokea mlangoni na kuliita jina la Kitinda, naye akainuka bila kumtazama dada yake. Sindano alishuka ngazi za mahakama taratibu, miwani usoni, kama mtu aliyemaliza kugonga mihuri ya siku.

Kiti chake hakikuwa kimekaliwa.

"Ofisini kulikuwa na nini?" msusi aliuliza.

"Leseni tu."

Msusi alimwinamisha kichwa, akaanza mstari wa saba. Simu iliita. *Mama.* Ikakatika, ikaita tena.

"Nikupokelee, dada?"

"Wewe suka," Sindano alisema.