Bi Kunyoosha Ajifunza Kusema Amelemewa

Kila asubuhi mke alikuwa wa kwanza kutoka nyumbani. Mume wake, fundi wa vigae, alitoka baada yake. Wifi yake, dada wa mume, alibaki akishona mapazia katika chumba cha mbele. Waliishi watatu tu, ugenini, katika vyumba viwili vya ghorofa ya pili.

Mke alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia nguo. Kiwanda hicho kilifua mashuka ya hospitali na vitambaa vya meza vya hoteli. Yeye aliendesha mashine ya pasi, yenye roli mbili za moto zinazozunguka, ndefu kuliko kitanda. Unaingiza shuka bichi upande huu, linatoka limenyooka upande ule. Alikuwa hodari sana, na wenzake walimwita Bi Kunyoosha.

Alikuwa na wasimamizi wawili. Msimamizi wa mashuka ya hospitali alikuwa mwanamume mrefu aliyezungumza Kiingereza. Msimamizi wa vitambaa vya hoteli alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, aliyezungumza Kihispania. Bi Kunyoosha alijua maneno machache ya kila lugha: salamu, hesabu, majina ya vitambaa, na ndiyo.

Msimamizi wa hospitali alipoleta toroli la shuka, Bi Kunyoosha alimjibu, "Yes." Msimamizi wa hoteli alipoleta toroli la vitambaa, alimjibu, "Sí." Kila mmoja alitaka kazi yake iishe kabla ya saa sita. Kila mmoja aliondoka ameridhika.

Baada ya miezi mitatu, moyo ulianza kumwenda mbio kabla hajafika kazini. Usingizi ulimpaa. Siku moja alimwambia msimamizi wa hoteli, kwa Kihispania cha kuungaunga, kwamba kichwa kinamuuma. Yule mama alimhurumia kweli. Alimpa kidonge na maji. Kisha akamsukumia toroli jingine.

Jioni hiyo wifi alimpokea mlangoni. "Wifi yangu, leo umerudi na sura au umeiacha kazini?"

"Niache!" akafoka. "Na huo mkasi wako utoe mezani. Humu ndani kila mtu ananitupia vitu!"

Wifi aliutoa mkasi. Hakuwa amezoea kufokewa, maana hao wawili walikuwa watu wa kutaniana.

Wiki iliyofuata, matoroli manne yalikuja kwa pamoja. Shuka moja lilijikunja kwenye mashine. Bi Kunyoosha hakusimamisha mashine. Aliingiza mkono alivute haraka, na roli zikaudaka mkono wa shati lake. Mwenzake alibonyeza kitufe chekundu. Mkono ulipona, lakini shuka liliungua katikati.

Alipewa karatasi ya onyo. Kosa jingine, ataondolewa kwenye mashine.

"Naacha kazi," alimwambia mume wake. "Heri niondoke mwenyewe kuliko kuondolewa."

"Umewaambia kwamba kazi imekuwa nyingi?"

"Niwaambie mimi mvivu?"

"Mvivu wewe? Jana umelala huku unanyoosha shuka kwa mikono yote miwili. Mimi nimebaki na baridi!"

Wifi alicheka. Hata Bi Kunyoosha alitaka kucheka, lakini machozi yakatangulia.

Wakati huo jirani wa ghorofa ya chini alikuwa mlangoni, amekuja kuchukua pazia lake. Alikuwa mkalimani wa hospitali. Kazi yake ilikuwa kusaidia wagonjwa na madaktari waelewane.

"Samahani, majirani. Nimesikia, nikashindwa kujifanya sijasikia," alisema. "Dada, wakubwa wako wanajua una kazi za watu wawili?"

Bi Kunyoosha alifikiri. "Mmoja anajua zake. Mwingine anajua zake."

"Na wewe unawaambia nini?"

"Ndiyo."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Sina neno jingine."

Mkalimani aliketi. "Basi hujawaambia kitu, dada. Sisi tukilemewa, mara nyingi tunasema kichwa kinauma au mwili umechoka. Wetu wanatuelewa. Asiye wa kwetu anasikia kichwa tu, anakupa dawa ya kichwa."

"Nilipewa kweli!"

"Ndiyo maana nasema, usitafsiri maumivu. Sema mambo matatu. Hali yako, sababu yake, na unachoomba. Ukisema hali peke yake, watakuonea huruma basi. Ukisema na ombi, wana jambo la kufanya."

Alichukua karatasi akaandika Kihispania: *Estoy agobiada. Tengo dos pedidos. ¿Cuál va primero?*

"Nimelemewa. Nina oda mbili. Ipi itangulie? Agobiada ni kama mtu aliyeinama chini ya mzigo. Mwanamume angesema agobiado. Soma kama unavyosoma Kiswahili, hutakosea sana."

Bi Kunyoosha alisoma. Ilitoka vizuri, akashangaa mwenyewe.

Chini yake mkalimani akaandika Kiingereza: *I'm overwhelmed. I have two orders. Which one first?* "Overwhelmed ni kama mtu ambaye maji yamempita kichwa. Neno hilo halitamkwi kama lilivyoandikwa. Sema: ova-welmd."

"Ova... ova..." Ulimi ulikataa.

"Likikushinda, sema *It's too much.* Itz tuu mach. Yaani, imezidi."

"Tumachi!" alisema wifi. "Hilo hata mimi naliweza."

Walifanya mazoezi siku tatu, mkalimani akija kuwasikiliza. Mume alivaa koti akawa msimamizi wa hospitali. Wifi alisukuma kiti chenye mapazia akawa msimamizi wa hoteli.

"Yes?" aliuliza mume kwa sauti nzito.

"Yes," akajibu Bi Kunyoosha.

"Aa, wewe! Ndiyo tena?" wifi akamzomea. "Rudi mwanzo!"

Kabla ya kuaga siku ya mwisho, mkalimani alimwambia jambo moja zaidi. "Kazi ikipungua na usingizi bado haurudi, au ukajiona huna hamu ya kitu chochote, nenda kituo cha afya. Hilo nalo linatibika."

Jumatatu matoroli yalikuja tena. La shuka lilitangulia. Bi Kunyoosha alisimamisha mashine kwanza. Kisha akasema kwa Kiingereza, polepole, "It's too much. I have two orders. Which one first?"

Msimamizi alitazama matoroli ya hoteli yaliyojipanga nyuma yake. Ilionekana kama anayaona kwa mara ya kwanza. Akaenda kumwita mwenzake.

Msimamizi wa hoteli alikuja mbio. Bi Kunyoosha alimwambia, "Estoy agobiada," na mengine yote, bila kukosea. Yule mama alishika kiuno. Wasimamizi wakazungumza wao kwa wao, kwa mikono zaidi kuliko maneno. Siku zote kila mmoja alidhani mashine ni yake asubuhi nzima.

Siku hiyohiyo walitundika ubao karibu na mashine. Mashuka ya hospitali yakapewa asubuhi. Vitambaa vya hoteli vikapewa mchana. Toroli ambalo halijaandikwa ubaoni halikuruhusiwa kuvuka mstari wa njano sakafuni.

Wiki sita zilipita bila kosa. Bi Kunyoosha alibaki kwenye mashine yake. Alilala usiku kucha, na mume wake akalala na shuka.

Mchana mmoja msimamizi wa hoteli alikuja na toroli moja tu. Hakuondoka. Aliegemea ukuta, akafumba macho.

"Yo también estoy agobiada," alisema. Na mimi nimelemewa.

Miezi yote hiyo, Bi Kunyoosha hakuwahi kufikiri kwamba mkubwa naye hulemewa. Hakutafuta kidonge. Alizima mashine, akachukua kitambaa kikubwa cha meza, akampa yule mama pembe mbili. Wakakikunja pamoja, polepole, huku yule mama akieleza ya kwake.