Yatokanayo

Jumamosi moja nilikuwa napiga pasi sare za watoto, mdogo wangu yuko mezani anapanga mafaili ya ofisi. Ni karani wa baraza la mji. Kazi yake ni kuandika mihtasari ya vikao vya madiwani. Tunaishi naye katika safu ya mwisho ya nyumba kabla ya ukuta wa bahari. Ghafla akaacha kupanga.

"Dada, nimeharibu."

Nilijua ni kuhusu ghorofa. Kwa miezi sita baraza liligawanyika nusu kwa nusu juu ya jengo la ghorofa ishirini na mbili ufukweni. Waliolitaka walisema litaleta ajira. Wasiolitaka walisema safu yetu yote itabomolewa. Diwani wetu, tuliyemwita Mzee Hapana, kila kikao alinyoosha mkono na kusema maneno yale yale: "Hapana. Na iandikwe." Mwenyekiti, mtu wa vicheko, alikuwa akimtania, "Mzee wangu, iko siku ulimi utateleza."

Asubuhi moja Mzee Hapana alikutwa chini ya ukuta, amekufa maji. Viatu vyake vilikuwa juu, vimepangwa sawasawa, kama vya mtu aliyekaribishwa ndani. Watu walisema mengi. Mimi nina watoto watatu na nguo za kufua.

Baada ya mazishi wenzake waliingia ubaridi, jengo likapita. Mdogo wangu naye alifanya kile ambacho makarani wakichoka hufanya: alichukua muhtasari wa mwezi uliotangulia, akabadilisha tarehe, akaandikia humo humo. Jina akasahau kulifuta. Waliohudhuria, namba nne: Mzee Hapana. Na chini yake: "Wajumbe wote waliohudhuria waliafiki ujenzi."

Kikao cha mwezi uliofuata mwenyekiti aliuliza kama muhtasari ni sahihi. Wakajibu "sahihi" kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameusoma. Ukasainiwa, ukapigwa muhuri.

"Si ufute tu?" nikamwambia.

"Haufutwi, dada. Ukishathibitishwa, kilichoandikwa ndicho kilichotokea."

Nikacheka. "Basi marehemu alikuwepo. Mwekee kiti."

Utani huo naujutia mpaka leo.

Jumatatu adhuhuri mdogo wangu alirudi nyumbani. Yeye hata akiwa na homa huwa anamaliza siku. Alikaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua viatu.

"Amekuja ofisini," alinong'ona. "Anachuruzika maji. Ananiuliza kwa nini nimemwandikia ndiyo."

"Nani?"

Hakutaja jina. "Anataka isahihishwe. La sivyo, niende nikamwandikie mwenyewe. Anasema huko waliko hawana karani."

Nikamwambia ni uchovu, akalale. Nikachukua mkoba wake niutundike msumarini. Ulikuwa mzito kama ndoo. Nilipoufungua, maji yalimwagika hadi mlangoni. Nikalamba kidole. Chumvi.

Kesho yake nilimsindikiza kwa mwenyekiti. Mdogo wangu alimweleza kwamba muhtasari uliothibitishwa husahihishwa kikaoni tu, kwenye ajenda ya yatokanayo, pale yanapojadiliwa mambo yaliyozaliwa na kikao kilichopita. Alikuwa anaomba nafasi hiyo.

Mwenyekiti aliegemea kiti akicheka. "Kwani marehemu amelalamika?"

"Ndiyo," mdogo wangu alisema.

Kicheko kilikatika katikati. Kikarudi, lakini kifupi. "Ilete, binti. Tuone nani atakuunga mkono."

Kikao kilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Nilikaa kwenye benchi la wananchi karibu na mlango. Madirisha yalikuwa wazi, jua limejaa ukumbini. Ajenda ya tatu, yatokanayo. Mdogo wangu alisimama.

"Namba nne hakuhudhuria," alisema. "Na hakuafiki."

"Nani anamuunga mkono?" mwenyekiti akauliza.

Madiwani waliangalia meza. Mmoja aliinama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba.

"Hakuna? Basi hoja imekufa." Akatabasamu. "Kama mwenyewe."

Kiti cha nne kilikuwa kitupu. Kikaanza kudondosha maji.

Tone.

Tone jingine.

Sikuona mtu. Naapa sikuona mtu. Lakini mwenyekiti aliona. Macho yake yalipanda taratibu, kama ya mtu anayemtazama mwingine akiinuka. Midomo ikamcheza. Kinywa kikafunguka. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Hapana," alisema. "Na iandikwe."

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Akatoka mbio, akanipita pale mlangoni. Alikuwa ananuka mwani.

Mdogo wangu aliandika.

Asubuhi ya Ijumaa, nikifungua dirisha la jikoni, niliona viatu juu ya ukuta. Vyeusi, vya ngozi, vimepangwa sawasawa. Mwenyekiti mwenyewe hajaonekana hadi leo.

Makamu wake aliitisha kikao cha dharura. Jina likafutwa, uamuzi ukatenguliwa, kila mtu akanyoosha mkono haraka kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Mashine za ujenzi ziliondoka wiki hiyo hiyo. Safu yetu ipo. Mdogo wangu akaanza kula tena, nami nikasema yamekwisha.

Jumatatu iliyofuata alikuta karatasi juu ya meza yake ya ofisini, imelowa. Muhtasari wa kikao, umepangwa kama wake. Mahali hapakutajwa. Waliohudhuria: moja, Mzee Hapana. Mbili, Mwenyekiti. Ajenda zote zilikuwa tupu. Chini kabisa: "Karani", halafu mstari wa nukta, pa kuandikia jina.

Niliichoma jikoni. Ilichukua muda kushika moto. Jumatatu nyingine ikaja karatasi nyingine, nikamwambia aandike barua ya kuacha kazi. Akaacha. Kalamu zote za nyumba hii nimezifungia kabatini, ufunguo naulalia mimi. Watoto wakitaka kufanya kazi za shule, nakaa nao mpaka wamalize.

Leo ni Jumatatu. Karatasi nimeikuta juu ya meza ya kupigia pasi, chini ya sare zilizokauka. Ni ile ile, isipokuwa kwenye nukta sasa pana herufi moja. Ndiyo inayoanza jina la mdogo wangu. Mkia wake umekunjwa kushoto, anavyouandika yeye tangu akiwa darasa la pili, na wino haujakauka.