Kupiga Dinsey

Kapteni Lionel Sturgis alikutwa ameinamia meza ya bwalo la marubani, mkasi mrefu umezama ubavuni. Chai yake ilikuwa bado vuguvugu. Mbele yake palikuwa na daftari lililochanwa ukurasa mmoja.

"Jeraha moja tu, limefika moyoni," daktari alisema. "Nilipofika, hakuwa amemaliza nusu saa tangu afe."

Luteni Aldous, kijana wa miaka kumi na tisa, akakohoa. "Samahani, mzee. Hapa hatusemi kufa. Tunasema ameenda magharibi."

Inspekta Wilfred Pask wa polisi wa Norfolk alikuwa ameshaanza kuizoea lugha yao. Ndege waliziita masanduku. Wanafunzi waliwaita maadui, kwa kuwa walivunja ndege nyingi kuliko Wajerumani. Yeye mwenyewe tangu getini alikuwa ameitwa ndege asiyeruka. Hakukasirika. Mwili ulipoondolewa, mezani kulikuwa na viti viwili vitupu, cha Kapteni na kingine, ambavyo vijana hawakuvitazama, na moyo ulimuuma kwa ajili yao.

Daftari la Sturgis lilikuwa la maneno hayohayo, na mwanzoni mwake palikuwa na orodha ya maneno na kurasa zake. Pask alilinganisha. Ukurasa wa kumi na nne, ambao kwenye orodha uliandikiwa Dinsey, haukuwepo.

"Dinsey ni neno gani?"

Aldous aligeuzageuza kofia yake mkononi.

"Nimeuliza, Luteni."

"Ni mtu, mzee. Arthur Dinsey. Tulikuwa juu ya bahari, akatupungia mkono kwamba injini mbovu, akageuka peke yake. Akaangukia ziwani. Tukaona ni woga tu. Basi mtu akirudi kwa kusingizia injini, tunasema amepiga Dinsey."

"Nani alianzisha?"

"Kapteni. Mzaha tu, mzee."

"Na nyinyi mkacheka."

Aldous aliinamisha kichwa.

Ofisini, Pask alifungua jalada la marehemu Dinsey. Ndugu wa karibu: mama yake, Hannah Leggett.

"Leggett?" konstebo wake alishangaa. "Si yule msimamizi wa washonaji wa mabawa?"

Bandani, wanawake walikuwa wakishonea kitambaa cha kitani kwenye mabawa ya ndege. Kila mmoja alining'iniza mkasi kiunoni kwa kamba. Kamba ya Bi Leggett ilikuwa tupu.

"Mkasi wako uko wapi, mama?"

"Unajua ulipo."

"Hawakujua kwamba wewe ni mama yake?"

"Leggett ni jina la mume wangu wa pili. Ningesema, wangenihurumia. Nani kataka huruma yao? Miezi mitatu nawashonea mabawa, nao wanapita mlangoni hapo wakitaniana: 'We, umepiga Dinsey!' Mwanangu, Inspekta! Kazikwa, bado wanamfukua kila siku wamcheke." Alijifuta macho kwa kiganja. "Leo nilimpelekea Kapteni koti lake, nimelitia kiraka. Nikamkuta kalamu iko juu ya jina la Arthur, anaongeza mengine. Sikujua nimefanya nini hadi nilipokwisha kufanya."

"Ukurasa?"

Aliutoa kifuani, umekunjwa mara nne. Pask alisoma: *Kupiga Dinsey: kurudi kwa woga.* Kisha akaugeuza.

Alitamani asingeugeuza. Hasira hasara, alijua hivyo miaka yote ya kazi yake, lakini hakuwahi kuiona hasara ya namna hii.

"Hukutazama nyuma?"

"Nitazame nini? Kuna nini?"

Ungesomwa mahakamani hata hivyo. Afadhali ausikie kwake. Akasoma taratibu:

"*Lifutwe. Mafundi wameifungua injini iliyotolewa ziwani. Bomba la petroli lilikuwa limeziba. Dinsey alisema kweli, nami nimemtukana marehemu. Nitawaambia wote leo mezani, kisha nimtafute mama yake nimwombe radhi.*"

Bi Leggett alishika ukingo wa bawa.

"Kwa hiyo ile kalamu..."

"Alikuwa anataka kulikata jina, mama."

Hakulia. Alinyoosha mikono ili afungwe pingu, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa nani atawaambia?"

Saa saba mchana, wakati wa chakula, Pask alisimama katika bwalo akausoma ukurasa pande zote mbili. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza, Aldous alivitazama vile viti vitupu, kimoja kimoja.

"Arthur amekufa," alisema. "Na Kapteni amekufa."

Hakuna aliyemsahihisha.