Mlipuko wa Mabua

Redio ya Motorola ilikoroma kwenye kiti cha abiria.

"Nyuki Tatu. Sukari imemwagika. Kabeza."

Munyaneza, shushushu wa serikali, aliguna. Alikuwa amekesha nje ya nyumba moja Nyakabanda, akimvizia mtu ambaye hakutokea. Akageuza Peugeot 504, akakanyaga mafuta.

"Nimesikia. Nani mwingine yuko karibu?"

"Wewe tu."

Siku zote ni yeye tu.

Maneno yale yalikuwa na maana moja: mtu amemfikia Dogiteri Illuminée, mtafiti wa kuvu. Katika karakana yake ya Kabeza kulikuwa na chupa ya kuvu nyeupe aliyoihangaikia miaka mingi. Kuvu hiyo ilikula mabua ya mtama, yale ambayo wakulima huyachoma baada ya mavuno, ikaacha sukari. Chupa ya akiba iliharibika friji ilipozimika. Iliyobaki ikipanda ndege, nchi itanunua kwa wageni sukari ya mabua yake yenyewe.

Aliingia karakanani kwa mlango wa nyuma, redio kiunoni, Browning mkononi.

Chuma baridi kikamgusa shingoni.

"Karibu, muzee. Umechelewa."

Alikuwa Drexel, mzungu aliyejiita muuza vipuri vya boila. Kiswahili chake alikiokota Lubumbashi. Alimnyang'anya bastola, akaitumbukiza redio yake kwenye pipa la maji, akamwonyesha gunia la magunzi akae.

Munyaneza akakaa. Kusema kweli, alifurahi kukaa.

Illuminée alisimama kando ya tangi la chuma, jasho likimtiririka. Mshale wa presha ulikuwa unapanda.

"Kwa nini hajaondoka na chupa?" Munyaneza akamuuliza.

"Anataka chakula ya kuvu. Haikuli kitu ingine, muzee. Bila hii itamufia kwa ndege."

Bua ni gumu, na kuvu peke yake ingelamba ganda tu. Kwa hiyo Illuminée aliyafungia mabua ndani ya tangi na kuyasukumia mvuke mkali hadi ukapenya kila uzi. Kisha vali hufunguliwa ghafla. Mvuke unataka kutoka wote kwa pamoja, nao unalipasua bua kutoka ndani. Kinachobaki ni tope la kahawia, na hapo kuvu inapata pa kung'ata.

Illuminée akavua glovu, akanyoosha mkono kwenye simu ya ukutani.

"Wacha hiyo," Drexel akasema.

"Mbele ya kufungua tunapiga simu. Iko sheria."

"Hapana simu."

Illuminée akamtazama Munyaneza.

Kambi ya Kanombe haikuwa mbali, na mwaka ule wa 1991 vita vilikuwa kaskazini. Mara ya kwanza vali ilipofunguliwa, askari walidhani ni bomu, wakavamia karakana na kuwalaza wote kifudifudi. Tangu hapo kambi ilipigiwa simu kabla ya kila mlipuko, na aliyepokea aliwaambia wenzake watulie, ni yule mama wa mabua.

Munyaneza akapiga mwayo.

"Mgeni amekataa simu, Dogiteri. Tumsikilize mgeni."

Drexel akatabasamu. "Unaona? Muzee iko na akili."

"Ni umri tu."

Illuminée akafungua vali.

Mabati yaliruka. Vioo vikalia. Tope la moto likamwagika ndani ya beseni la zege, likinuka kama mkate ulioungua kidogo.

Drexel akatoa termosi. "Jaza."

"Ngoja ipoe. Ya moto inaua kuvu."

Akangoja. Alikuwa bado anangoja geti lilipoanguka na askari wa Kanombe wakaingia.

"Lala chini. Wote."

Munyaneza na Illuminée walikuwa chini tayari. Mbele ya mitutu ya bunduki za FAL, Drexel aliiachia bastola. Chupa ya kuvu, iliyokuwa kwapani, akaiinua juu.

"Mukisogea, ninaivunja."

Sajini aliyewaongoza hakujua chupa ile ni ya nini.

"Vunja," akasema. "Halafu ulale."

Drexel akaibamiza chini kwa hasira.

Munyaneza alijiviringisha chali. Chupa ikatua tumboni mwake, ikamkata pumzi. Akaikumbatia. Bunduki tatu zikamgeukia.

"Usitikisike, wewe."

"Sina mpango huo, Sajini."

Drexel akafungwa pingu. Sajini akapiga simu kambini, akasikiliza, akakata.

"Muzee, wanasema wewe ni wetu. Simama."

Illuminée aliichukua chupa, akaielekeza dirishani. Nyuzi nyeupe zilikuwa nzima. Akachota tope lililopoa, akailisha kuvu yake.

"Kilo ya kwanza nitakuletea wewe, muzee."

Munyaneza alikuwa anafuta kwa leso Browning aliyorudishiwa.

"Daktari amenikataza sukari," akasema. "Mpe Sajini."

Akatoka, akavuka geti lililolala, akawasha gari.