Neno la Mwaka la Adventina

Asubuhi moja ya Januari, kabla jua halijawa kali, Adventina na babu yake Mugeta walikuwa shambani wakipunguzia pamba. Kila shimo lilikuwa limeota miche mitano au sita. Babu aliacha miwili, iliyobaki akaing'oa bila huruma. Adventina aling'oa taratibu huku midomo ikimcheza, maana alikuwa akikariri malengo yake ya mwaka.

Yalikuwa kumi na manne. Binamu yake Lilian, aliyetoka Musoma kuja kula Krismasi, ndiye aliyemfundisha kuyaandika kwa kalamu nyekundu: kuamka saa kumi alfajiri, kukimbia, kuongea Kiingereza, kutogombana na Dorah, kufaulu hisabati, na mengine mengi. Ilikuwa tarehe kumi tu, na kumi na moja kati ya hayo yalikuwa yameshavunjika.

Lililomnyima raha ni la hisabati. Desemba alipata alama kumi na tisa kwa mia. Mwalimu Skolastika alisema wazi kwamba Ijumaa ya mwisho ya Januari waliofeli wangerudia mtihani, na atakayefeli tena angerudia darasa la sita. Adventina alijiona ameketi na wadogo zake, huku Dorah, rafiki yake tangu chekechea, yuko darasa la saba na rafiki mwingine.

"Babu, mimi ni mtu wa kushindwa tu," alisema, akakaa chini. Akamweleza yote.

"Kumi na manne?" Babu alishangaa. "Hata serikali haijiwekeagi mengi hivyo, na yenyewe ina magari." Akafuta mikono kwenye suruali. "Inuka, nikuonyeshe kitu."

Walikwenda mpaka kwenye ghala la zamani la chama cha ushirika cha kijiji chao. Paa halikuwepo, mlango haukuwepo, na mbuzi wa jirani walikuwa wamejilalia ndani. Lakini ukutani, kwa chokaa iliyofifia, maneno yalipangana moja chini ya jingine: MBEGU. KISIMA. PALIZI. SHULE.

Babu aliyapapasa kwa kidole, na sauti yake ikalainika.

"Kila mwanzo wa msimu tulikuwaga tunakutana hapa. Watu wamevaa nguo za kanisani, akina mama wamekuja na uji. Tunabishana tangu asubuhi, na jioni tunatoka na neno moja la mwaka. Mimi sikukaa darasani hata siku moja, mama. Kusoma nilijifunzia kwenye ukuta huu."

"Neno moja tu, Babu?"

"Moja. Mwaka wa Kisima hatukuandika tutachimba futi ngapi kila wiki. Ila mtu akileta jambo lake, tunamwuliza, je, hilo linatusogeza kisimani? Kuna wiki tulizembea, tukanywa pombe, tukaacha majembe. Hakuna aliyesema tumeshindwa. Unapita hapa, unaliona neno, unarudi kazini. Maji unayokunywa leo ni ya kisima hicho."

Adventina alitazama chini ya neno la mwisho. Ukuta ulikuwa mtupu. "Na hapa mbona hamkuandika?"

Babu alikaza taya. "Mwaka huo walikuja mabwana wenye mafaili. Wakasoma mahesabu mbio mbio, kisha wakauliza, wanachama, mmeelewa? Tukajibu ndiyo, na makofi juu. Na mimi nilipiga. Sikuwa nimeelewa hata mstari mmoja, lakini niliona aibu kuuliza mbele za watu. Kumbe tulikuwa tumekubali mali ya chama ichukuliwe: msimu uliofuata mzani wetu ukapakiwa kwenye lori, halafu mabati ya paa hili. Niliyaona yakipita njia ya Kiabakari. Nayakumbuka mpaka matundu ya misumari."

Adventina alikuwa akilisikia darasa lao kichwani. Mmeelewa? Ndiyooo, mwalimu. Naye alikuwa akiitikia kwa nguvu kuliko wote, tangu hesabu za sehemu, za nusu na robo, zilipoanza kufundishwa.

Jioni hiyo alichana ukurasa wa malengo, akaandika neno moja juu ya jalada la daftari: ULIZA.

Jumatatu shule ilipofunguliwa, Mwalimu Skolastika aliandika ubaoni robo tatu kujumlisha mbili ya tano, akaeleza, akageuka. "Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu."

Adventina alinyoosha mkono. "Mwalimu, mimi sijaelewa. Tangu darasa la tano sijui kwa nini namba za chini hatuzijumlishi."

Darasa likacheka. "Huyu alilala miaka miwili," alisema Masatu kutoka nyuma. "Mwamsheni polepole asishtuke."

Mwalimu aliweka chaki chini. "Nani mwingine hajaelewa?"

Kisha Dorah akanyoosha mkono, akafuatiwa na mwingine, na mwingine, mpaka wakafika kumi na mmoja. Wa mwisho alikuwa Masatu.

"Na siku zote mlikuwa mnaniambia ndiyo," alisema Mwalimu, kama aliyeumia kidogo. Akachukua karatasi mbili, moja akaikata vipande vinne, nyingine vitano, akaanza upya.

Si kila siku ilikwenda vizuri. Jumatano Adventina aliona aibu, akaitikia ndiyo pamoja na wengine. Alhamisi aliliona neno kwenye jalada, akamfuata Mwalimu wakati wa mapumziko na kumwuliza. Ndivyo alivyokwenda mpaka Ijumaa ya mwisho, na majibu yalipotoka alikuwa na sitini na moja. Alibaki dawati moja na Dorah, darasa la saba.

Babu aliishika karatasi ya mtihani kwa muda mrefu.

"Unaona?" alisema. "Orodha ndefu, ukikosea mstari mmoja unaitupa yote. Neno moja unalirudia hata ukianguka mara mia, nalo linakungoja. Wewe umechagua zuri. Anayeogopa kuuliza huwa anaibiwa, mama, iwe ni elimu au mabati. Sisi tulinyamaza. Nyinyi msinyamaze."

Akavuta kigoda karibu. "Haya, kaa hapa. Hizi namba za chini, kwa nini hamzijumlishi? Mimi sijaelewa."

Adventina akaingia ndani kutafuta karatasi mbili.