Goti la Baba na Picha Mbili

Baba yangu, Shivachi, anachomelea mageti ya chuma huko Gatina, Kawangware. Mimi, Nasike, nimeolewa Mashimoni, Kibera. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa anakuja kwangu. Tulikula, tukaongea juu ya marehemu mama mpaka jioni.

Kisha goti lake la kulia likaanza kuuma na kukwama. Njia zetu zina mteremko na mawe. Akaacha kuja. Nina mume na watoto, lakini Jumapili ikawa tupu. Niliketi mlangoni nikitazama njia.

Siku moja nikamfuata Gatina.

"Baba, twende hospitali."

"Nilishaenda. Nilipigwa eksirei. Mfupa ni mzima."

"Na maumivu?"

"Ni uzee, mayi, mwanangu. Wanzala hapa ananikanda."

Wanzala ni fundi mwenzake. "Namkanda mpaka analia kama mbuzi!" alisema akicheka.

Baba hakucheka. Goti lilikuwa limevimba.

Nilimbembeleza mpaka tukarudi hospitali. Daktari alimtuma apigwe picha ya MRI. Mpiga picha alikuwa dada anayeitwa Malika.

"Picha nyingine ya nini?" baba aliuliza. "Si mlishaona mifupa?"

"Mzee, wewe hula kuku?"

"Mimi Mluhya, nikose kula kuku? Hilo ni swali gani?"

Malika akacheka. "Basi unajua kile kitu cheupe, laini, kwenye ncha ya mfupa. Hilo ni gegedu. Goti lako pia linalo. Linazuia mifupa isisagane. Eksirei inaonyesha mfupa, lakini gegedu lenyewe halionekani. MRI inaonyesha gegedu, na hata jeraha lililojificha ndani ya mfupa."

Baba akalipapasa goti lake, akasikiliza.

"Mashine hii ni sumaku kubwa sana," Malika aliendelea. "Toa saa, mshipi na simu. Je, chuma kimewahi kukuingia jichoni?"

"Hapana," baba alisema haraka.

Haikuwa kweli. Kwao kazini, kipande kikiingia jichoni, Wanzala hukitoa na kona ya leso, kazi inaendelea. Mimi huona haya kusema mbele ya watu. Lakini nilimtaka baba yangu arudi kwangu Jumapili.

"Kimemwingia," nilisema. "Mara nyingi."

"Nasike! Watanifukuza!"

"Hatukufukuzi, mzee," Malika alisema. "Kipande kikibaki ndani, sumaku inaweza kukisogeza kikaharibu jicho. Tutapiga eksirei ya macho kwanza."

Macho yalikuwa safi, akaingia kwenye mashine. Picha ilionyesha gegedu limepasuka, na mfupa chini yake una jeraha. Daktari akamkataza kukandwa goti na kupiga magoti kazini. Alifanyiwa upasuaji mdogo. Akatembea na magongo, akafanya mazoezi kwa miezi mingi.

Jumapili iliyopita alisimama mlangoni kwangu, jasho likimtoka. Nikamvutia kiti.

"Goti linasemaje, baba?"

"Linasema lina njaa."